Kijiji Kimekua, Wafagiaji Ni Walewale

Wazazi wenzangu, na nyinyi watoto mnaosomewa ukurasa huu nyumbani,

Ripoti ya mkaguzi wa mashindano ya Tidy Towns kuhusu kijiji chetu iko wazi kwa kila mtu, na sidhani kama katika familia za shule hii walioisoma wanafika wawili. Mimi nimeisoma mara mbili. Inasifu barabara ya maduka. Inasifu vikapu vya maua vya darajani na bustani ya shule ya msingi. Ikifika kwenye mitaa ya nyumba mpya, sauti inabadilika: nyasi zimeachwa pembeni mwa lango, makopo yamenasa kwenye ua wa miti, kibao cha jina la mtaa kimeota ukungu hata hakisomeki. Mitaa hiyo ndiyo yetu. Karibu kila mtoto anayekuja Jumamosi kusoma ngeli anatoka huko, na mwalimu wake naye anakaa huko huko, nyumba ya tatu kutoka kwenye kipilefti.

Siandiki ili tuone haya. Mkaguzi hakutaja jina la mtu, na kopo halina uraia. Naandika kwa sababu nina pendekezo, na nimeshasikia kwamba baadhi yenu hamlipendi: kuanzia Aprili hadi Septemba, Jumamosi moja ya kila mwezi darasa letu lifanyike nje, pamoja na kamati ya usafi ya kijiji. Mzazi mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, mimi namleta mtoto ajifunze Kiswahili, si kuzoa taka." Ana haki ya kuuliza, na nitamjibu. Lakini kwanza tuelewane kamati hii ni kitu gani, maana wengi tunaiona kama wazee fulani wenye vizibao vya rifleta wanaopita jioni na mifuko.

Tidy Towns ni mashindano ya usafi na uzuri wa vijiji na miji ya Ayalandi. Yalianza mwaka 1958 chini ya bodi ya utalii ya wakati huo, Bord Fáilte. Mwaka wa kwanza waliojiandikisha walikuwa 52, na mshindi akawa Glenties, kijiji cha kaunti ya Donegal kule kaskazini-magharibi. Glenties hawakutosheka: walishinda tena 1959, 1960 na 1962, halafu wakarudi 1995 kuwakumbusha watu. Kaunti yetu ya Meath nayo imo kwenye orodha. Moynalty, kijiji kidogo tu, walichukua taji la taifa mwaka 2013, na Trim wakalichukua 2022.

Mkaguzi huja majira ya joto bila kutoa taarifa. Hapigi hodi. Anatembea na daftari lake, anaangalia barabara za kuingilia, mitaa ya makazi, maua, miti, taka, namna watu wanavyotunza maji na wanyama wa porini, na namna jamii inavyopanga kazi yake. Kisha anaandika ripoti, kijiji kwa kijiji, sehemu kwa sehemu, na kila sehemu ina alama zake. Vijiji vya watu wasiozidi 200 vina kundi lao na miji mikubwa ina kundi lake, kwa hiyo hakuna anayeonewa. Lakini kijiji kinachokua haraka kama chetu hupanda kundi kabla hakijapata watu wa kukifanyia kazi, ndipo kinajikuta kinashindana na miji.

Sasa fikirini ni miaka gani hiyo walipoanza. Katika muongo wa 1950 Waayalandi wapatao 400,000 walihama, wengi wao wakaenda Uingereza. Sensa ya mwaka 1961 ilikuta watu milioni 2.8 tu katika Jamhuri nzima. Vijiji vilikuwa vinabaki na wazee na mbwa. Kupaka rangi mlango wa duka na kupanda maua dirishani ilikuwa njia ya kumwambia mtalii apite hapa, na nadhani pia ilikuwa njia ya kuambiana wao kwa wao kwamba bado tupo. Mambo yamegeuka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,149,139, mara ya kwanza kuvuka milioni tano tangu mwaka 1851. Meath peke yake iliongezeka kwa asilimia 13 kati ya sensa ya 2016 na hiyo. Zamani shida ilikuwa nyumba zilizofungwa. Siku hizi nyumba zimejaa, ila waliomo hawajuani.

Kuongezeka huko ndiko sisi. Ni Wapolandi, Wahindi, Wabrazili, Wanaijeria, ni Waayalandi wenyewe waliokimbia kodi za Dublin, na ni mimi na wewe. Kijiji kimeongezeka mara kadhaa lakini kamati ya usafi ina watu walewale saba. Mdogo wao amestaafu. Mmoja ana miaka sabini na nane na ndiye anayesukuma toroli la mbolea. Mimi ni nesi wa nyumba ya wazee. Magoti ya mtu wa miaka sabini na nane nayajua. Kila mwaka kijiji kinaongezewa mtaa mwingine wa kuokotwa taka, na kila mwaka magoti yale yanaongezewa mwaka.

Kwa nini hatuendi? Nimejiuliza, na nimewauliza baadhi yenu mnaponisubiri mlangoni.

Jibu la kwanza ni kwamba halmashauri inalipwa kwa kazi hiyo. Ni kweli kwa sehemu. Halmashauri inafagia barabara kuu, inamwaga mapipa ya barabarani, na ina uwezo wa kumtoza mtu euro 150 papo hapo kwa kutupa taka, kwa sheria ya 1997. Lakini mitaa yetu ina jambo lake. Mjenzi akimaliza nyumba, barabara za ndani, taa na viwanja vya nyasi haviwi mali ya halmashauri siku hiyo hiyo. Ni lazima mtaa ukaguliwe na kukabidhiwa rasmi, na makabidhiano hayo yanaweza kuchukua miaka. Hali ilikuwa mbaya zaidi baada ya 2008 wajenzi walipofilisika: mwaka 2010 serikali ilihesabu mitaa zaidi ya 2,800 iliyoachwa bila kumalizika. Mingi imeshamalizwa tangu hapo, lakini utaratibu wenyewe ni uleule. Kipindi hicho chote cha kusubiri, kopo lililoko kwenye nyasi mbele ya mlango wako si la halmashauri, wala si la mjenzi aliyeshachukua hela yake na kwenda. Ni la anayeliona kila asubuhi akienda kazini.

Jibu la pili ni zamu. Hilo sibishani nalo. Wengi wetu tunafanya kazi za usiku kwenye hospitali, maghala na nyumba za wazee, na mtu aliyetoka zamu saa mbili asubuhi hadaiwi kitu na mtu yeyote isipokuwa usingizi.

Jibu la tatu ni kwamba hatukualikwa. Hili nimelifikiria sana, kwa sababu linatoka kwenye malezi mazuri. Kwetu huingii uwanjani kwa mtu bila kupiga hodi, na hata kwenye shughuli ya jirani unasubiri uambiwe, ukiambiwa ndipo unafunga kanga kiunoni na kuingia jikoni. Hapa mwaliko umebandikwa kwenye dirisha la duka la dawa, karatasi ya A4, "karibuni wote, Jumatano saa moja jioni". Kwa mwenyeji wa hapa hiyo ndiyo hodi na ndiyo karibu. Hakuna atakayekuja kukugongea mlango, kwa sababu na yeye anaona ni utovu wa adabu kumsumbua mtu nyumbani kwake. Basi wao wanasubiri tuje, sisi tunasubiri tuitwe, na miaka inakwenda. Nilipofika Jumatano ya kwanza, hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Niliulizwa kama mgongo wangu uko sawa, nikapewa reki.

Jibu la nne halisemwi waziwazi, lakini ndilo zito. Tuliosoma Tanzania na Kenya tunajua kuokota makaratasi kulikuwa adhabu. Usipowahi namba kiranja anaandika jina lako, wenzako wanaingia darasani, wewe unabaki na fagio la chelewa. Na mjini, mzoa taka ni mtu ambaye hatumjui hata jina. Sasa baba amehangaika kufika huku, anasafisha ofisi za watu usiku ili mtoto wake asisafishe ofisi za watu, halafu Jumamosi anapita na gari anamkuta mtoto huyo huyo barabarani na mfuko wa taka. Roho inamuuma. Anajiuliza wale wanaopita wanaona nini wakimwona mtoto mweusi na mfuko ule.

Sisemi hofu hiyo ni ya bure. Jioni moja gari lilipunguza mwendo, kijana akatoa kichwa dirishani akapiga kelele neno ambalo sitaliandika kwenye ukurasa wa watoto. Bibi mmoja wa kamati, mwenye miaka themanini na moja, akainua koleo lake la kuokotea taka juu kama mkuki na kumjibu maneno ambayo nayo sitayaandika. Kisha tukaendelea. Lakini angalieni nani hasa wameshika makoleo hayo hapa kijijini: mwalimu mkuu mstaafu, mke wa daktari wa mifugo, mwenye duka la dawa mwenyewe. Ni watu wenye majina. Hapa, kuinama kuokota karatasi mbele ya watu ni kazi ya mtu anayejiona mwenye mji. Mtoto wetu akiwa mle ndani, wanaopita wanamwona mmoja wa wenye mji. Asipokuwemo, nako kunaonekana. Tusidhani hakuonekani.

Watu wa hapa wana neno la Kiayalandi, meitheal, hutamkwa karibu na "mehal". Ni majirani kukusanyika kwenye shamba la mmoja, wavune nyasi au nafaka zake, kesho waende kwa mwingine, bila malipo ila chakula. Mpare akisikia hivyo atasema huo ni msaragambo. Mkenya atasema ni harambee. Tusijifanye wageni wa jambo ambalo tumezaliwa nalo.

Tofauti moja ipo, na mimi naipenda. Kwetu usafi wa pamoja mara nyingi umekuja kwa amri. Tanzania tunaikumbuka tarehe 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipofutwa na Rais Magufuli mwenyewe akaingia mtaani na fagio. Kisha ikaja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Familia zetu zilizotoka Rwanda zinaijua umuganda, ambayo ni Jumamosi hiyo hiyo, na ni wajibu kwa sheria. Nimeona faida yake. Kigali ni safi, asiyesema hivyo ana husuda. Lakini nimeona pia watu wakifagia wakati mwenyekiti anapita na kukaa chini akishapita. Hapa hakuna mwenyekiti wa kukuandika jina. Ukienda, umekwenda mwenyewe, na mtu akija mara ya tatu watu wanajua ni wake.

Kuna jambo moja ambalo litatusumbua, heri niliseme mapema. Usafi tuliofundishwa ni uwanja mweupe. Unaamka alfajiri, unafagia mpaka michirizi ya chelewa ionekane kwenye mchanga, na jani likianguka unaliona kama mgeni asiye na adabu. Kulikuwa na sababu: uwanja mweupe nyoka haupiti bila kuonekana. Ayalandi haina nyoka wa porini hata mmoja. Ina nyuki, na theluthi moja ya aina za nyuki wa porini wa hapa ziko hatarini kutoweka. Tangu 2015 kuna mpango wa kisiwa kizima wa kuwalinda wadudu wanaochavusha mimea, na wakaguzi wa Tidy Towns wanauangalia. Kwa hiyo yale maua ya njano ya dandelion yanayotuudhi kwenye nyasi mwezi wa Aprili yanaachwa makusudi, kwa sababu nyuki akiamka baada ya baridi hicho ndicho chakula chake. Sehemu nyingine za nyasi zinaachwa ndefu, na kinachokatwa ni ukingo tu, ili mtu ajue zimeachwa kwa akili na si kwa uvivu. Dawa ya kuua magugu wameipunguza sana. Na ua wa miti haukatwi kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti, kwa sheria ya wanyamapori, kwa sababu ndege wana viota humo. Baba mmoja wa mtaa wa pili alitoka mwezi wa Mei na mkasi mkubwa, kwa moyo safi kabisa, akaanza kuunyoosha ua wa mbele ya nyumba yake. Jirani alimkimbilia kama anayezima moto. Leo wanakunywa chai pamoja, lakini siku ile ilikuwa kasheshe.

Nakiri uwanja mweupe bado unanipendeza. Nyumbani Korogwe ningefagia. Hapa naacha, na mama yangu akiona picha ananiuliza kwenye simu kama siku hizi naumwa.

Sasa nimjibu yule mzazi wa Kiswahili. Mtoto wetu wa miaka tisa, aliyezaliwa hapa, ana neno moja la jambo hili lote: "takataka". Mengine anaazima. Jumatano moja mwanangu aliniambia, "Mama, nimepiki chupa." Darasani nimefundisha okota kwa kuandika ubaoni mara nyingi, na halikai. Nje linakaa. Ukiinama kuchukua kimoja unaokota. Ukisukuma rundo kwenye sepetu unazoa. Ukiweka pamoja unalundika. Magugu unang'oa, kitalu cha maua unapalilia, nyasi ndefu unafyeka. Ni vitenzi sita ndani ya nusu saa, na mkono unakumbuka pale kichwa kinaposahau.

Na ngeli! Mtaro mmoja wa barabarani una ngeli nyingi kuliko kitabu chetu. Kopo hili, makopo haya. Kipisi hiki cha sigara, vipisi hivi. Mfuko huu, mifuko hii. Chupa hii, chupa hizi. Utepe huu, tepe hizi. Mwezi uliopita nilijaribu na watoto wanne tu, tukitoka darasani kwenda kituo cha basi. Mmoja alipata glovu moja akasimama, hajui aseme "hii" au "hili", wakabishana wenyewe kwa wenyewe kwa Kiswahili hadi basi likaja. Nimefundisha Jumamosi za kutosha kujua jambo hilo ni adimu. Darasani wanabishana kwa Kiingereza halafu wananipa jibu kwa Kiswahili.

Pia kuna hela, nisiwafiche. Tangu tarehe 1 Februari 2024 chupa za plastiki na makopo ya vinywaji yenye alama ya mpango huo yana amana: senti 15 kwa ndogo, senti 25 kwa zile zinazozidi nusu lita. Anayerudisha kwenye mashine ya dukani anapewa hela hiyo, awe ndiye aliyenunua au aliyeokota. Watu wazima wengi hawajali senti 15. Watoto wanajali sana. Kamati imekubali watoto wetu wabaki na wanachookota, iingie kwenye sanduku la vitabu vya shule. Kwa bei za vitabu vya hadithi vinavyotoka Dar es Salaam na Nairobi pamoja na usafirishaji, si haba.

Na tusione senti ni kitu kidogo. Nchi hii ilianza kutoza senti 15 kwa mfuko wa plastiki mwezi Machi 2002, ikapandisha hadi senti 22 mwaka 2007. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa akitumia mifuko 328 kwa mwaka kwa wastani. Ikashuka hadi 21. Mifuko ilikuwa imening'inia kwenye miti kote barabarani, wazee wa kamati wanasimulia. Kwetu tulikwenda kwa marufuku: Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania bara Juni 2019. Shangazi zetu wakatoa vikapu vya ukili darini, na vikawa fasheni.

Kuhusu usalama naandika kama nesi, na hapa sitaki mjadala. Sindano haiguswi, hata na mtu mzima, hata kwa koleo. Mtoto akiiona anasimama hapo hapo, anainua mkono, anamwita mtu mzima. Sisi tunaweka alama na kuwapigia halmashauri. Vioo vilivyovunjika ni vya watu wazima. Kidonda chochote mkononi kifunikwe kabla ya kuvaa glovu, kwa sababu panya wanaoishi kwenye mitaro wanaacha mkojo, na mkojo huo unaweza kuleta ugonjwa wa leptospirosisi. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa andazi, si baada ya andazi la kwanza. Anayefanya kazi karibu na barabara anavaa rifleta na anaangalia magari yanakotoka. Barabara ya kwenda kituo cha treni hatuendi na watoto kabisa; ile waachiwe wakubwa.

Kwa wale ambao bado hawataki, sitamsusia mtu wala mtoto wake. Jumamosi hiyo mwalimu mwenzangu atakuwa ukumbini na kitabu kama kawaida, na atakayebaki atasoma vizuri. Ila naomba mje mara moja tu kabla hamjakataa. Na kina baba mnaosema hamna muda: kamati haiombi saa tatu. Inaomba mtu mmoja kila mtaa mwenye mashine ya kukatia nyasi, nusu saa kila wiki mbili, kwa kile kipande cha langoni kilichotajwa kwenye ripoti. Kwenye mtaa wetu nimehesabu mashine kumi na moja kwenye mabanda ya nyuma. Kibao kilichoota ukungu kinahitaji ndoo, maji na brashi, kazi ya dakika kumi. Mwanangu mkubwa ameshajiandikisha nacho, msimnyang'anye.

Aprili ni mwezi wa usafi wa taifa unaoandaliwa na An Taisce, kwa hiyo tutaanza Jumamosi ya pili ya mwezi huo, saa nne asubuhi, mbele ya ukumbi. Halmashauri inatoa mifuko na makoleo, na itakuja kuichukua mifuko ikijaa. Mzazi au mlezi aje na mtoto wake, asimtume tu. Fomu ya ruhusa iko kwa mweka hazina; ijazwe kabla ya mwisho wa Machi. Waleteni na buti, si raba nyeupe. Chai ya tangawizi na maandazi nitaleta mimi, na wazee wa kamati wameomba yawe mengi kuliko ya Krismasi. Rifleta za watoto ziko sita tu, kwa hiyo mwenye mtoto wa chini ya miaka kumi anipigie mapema nijue niazime ngapi.